Ramani ya Uoto wa Asili: Jinsi Inavyopimwa na Jinsi Inavyosomwa

Msafiri anayetoka Chimala, katika Mkoa wa Mbeya, akapanda barabara ya mlimani iitwayo Hamsini na Saba kwa sababu ya wingi wa kona zake, hufika Matamba na hatimaye Uwanda wa Juu wa Kitulo, ulioko karibu meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Akifika mwezi wa Julai atakuta nyasi zilizokauka, upepo mkali, na asubuhi nyingine umande ulioganda juu ya majani. Akirudi mwezi wa Februari, wakati wa mvua, atakuta uwanda ule ule umejaa maua ya kila rangi, hata si ajabu kwamba wenyeji wameuita Bustani ya Mungu. Je, iwapo wapimaji wawili wangetumwa huko kuchora ramani ya mimea, mmoja mwezi wa Julai na mwenziwe mwezi wa Februari, wangerudi na ramani moja?

Swali hili si la mzaha. Ramani ya uoto hutumiwa kuamua ni wapi palimwe, ni wapi pachungwe mifugo, ni wapi papandwe miti na ni wapi pahifadhiwe. Uamuzi ukijengwa juu ya ramani yenye pengo, pengo hilo halibaki katika karatasi, huhamia ardhini. Makala haya yanaeleza jinsi uoto wa asili unavyopimwa na kuchorwa, na yanatumia Kitulo kuwa mfano. Sehemu ya uwanda huo pamoja na misitu inayopakana nao ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na eneo la kilometa za mraba 412.9.

Maana ya uoto

Mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni orodha ya mimea ya mahali fulani, yaani majina ya spishi zote zinazopatikana hapo. La pili ni uoto, yaani namna mimea hiyo inavyoifunika ardhi: urefu wake, msongamano wake, na jinsi spishi zinavyokaa pamoja. Orodha ya mimea inafanana na daftari la mahudhurio la darasa. Uoto unafanana na darasa lenyewe likiwa limekaa, ambapo huonekana ni nani walio wengi, ni nani walio warefu na ni nani wanaokaa pamoja daima.

Uoto huitwa wa asili pale mimea inapokuwa imejiotea yenyewe, ikifuata hali ya hewa, udongo, mwinuko wa nchi, wanyama na moto. Neno hili halina maana ya uoto ambao haujapata kuguswa na mwanadamu. Nyasi zinazochungwa na kuungua mara kwa mara zinaweza kuwa uoto wa asili, mradi mimea inayorudi baadaye ni ile ile ya mahali hapo wala si iliyopandwa.

Mchora ramani ana njia mbili za kuugawa uoto. Anaweza kuugawa kwa umbo, akataja msitu, vichaka, nyasi au kinamasi. Anaweza pia kuugawa kwa spishi zinazotawala, kama wanavyofanya wataalamu wanapotaja miombo, pori ambalo miti yake mikuu ni ya jenasi Brachystegia na Julbernardia. Njia ya kwanza ni rahisi na inaweza kufanyika kutoka mbali. Njia ya pili humlazimu mpimaji kuijua mimea kwa majina. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kama itakavyoonekana hapa chini.

Skeli huamua kinachoonekana

Miongoni mwa ramani za mwanzo za uoto wa nchi nzima ni ile ya Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 na kufanya kazi nchini kwa takriban miaka 40. Katika safari zake za kazi aliandika aliyoyaona kuhusu nchi, maji na mimea. Ramani yake ya aina za uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake, kwa skeli ya 1:2,000,000. Mwaka 1983 ilitoka ramani ya uoto wa Afrika nzima iliyoandaliwa na Frank White chini ya UNESCO, kwa skeli ya 1:5,000,000. Ramani zote mbili ni kazi kubwa, na wanasayansi wanazirejea hadi leo. Hata hivyo, kila moja ina mpaka wake, na mpaka huo unaweza kuonyeshwa kwa hesabu.

Katika skeli ya 1:5,000,000, milimeta 1 ya ramani ni milimeta 5,000,000 za ardhi, yaani kilometa 5. Kwa hiyo milimeta 1 ya mraba ni kilometa za mraba 25. Hifadhi ya Kitulo, yenye kilometa za mraba 412.9, huchukua milimeta za mraba 16.5 hivi, sawa na kijisanduku cha milimeta 4 kwa 4. Hifadhi nzima hufunikwa na punje ya mtama.

Katika skeli ya 1:2,000,000, eneo hilo hilo huwa karibu sentimeta 1 ya mraba. Katika skeli ya 1:50,000, ambayo ndiyo ya ramani za kawaida za wapima ardhi nchini, hifadhi hujaza karatasi ya sentimeta 41 kwa 41 hivi. Hapo ndipo mchoraji anapoweza kutenga kinamasi na nyasi za mteremko, au kuonyesha kipande cha msitu kilichojificha korongoni.

Kwa sababu hiyo, katika ramani ya White sehemu kubwa za nchi za juu za namna ya Kitulo zimo katika kundi moja la uoto wa milimani, ambamo misitu, vichaka na nyasi havikutenganishwa. Kosa si la mchoraji. Punje ya mtama haina nafasi ya rangi tano. Kosa huwa la msomaji anayechukua ramani ya bara zima na kuitumia kupanga matumizi ya kijiji kimoja.

Kuitazama nchi kutoka juu

Hapo zamani mpaka kati ya aina mbili za uoto ulifuatwa kwa miguu au kukisiwa kutoka kilimani. Baadaye zikaja picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pembe tofauti, zikitazamwa kwa darubini ya macho mawili, huonyesha nchi ikiwa na vimo na mabonde, hata urefu wa miti ukaweza kukadiriwa.

Mwezi wa Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya Landsat ya kwanza. Kila kipande kidogo cha picha yake kilifunika ardhi ya meta 80 kwa 80 hivi. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina baadhi ya picha ambazo kipande chake ni meta 10 kwa 10. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba kipande kimoja cha zamani kilikuwa na meta za mraba 6,400, na cha sasa ni meta za mraba 100. Mahali palipokuwa na taarifa moja sasa pana taarifa 64.

Setilaiti haioni rangi kama jicho la mtu. Hupima kiasi cha mwanga unaorudishwa na ardhi, ukiwemo mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, lakini hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi. Wataalamu hutumia tofauti hiyo kupata kipimo cha ukijani: mwanga wa infraredi hutolewa mwekundu, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya viwili hivyo.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba kipande cha uwanda wakati wa mvua hurudisha 0.40 ya mwanga wa infraredi na 0.05 ya mwanga mwekundu. Kipimo chake ni 0.35 kugawanya kwa 0.45, yaani 0.78 hivi. Wakati wa kiangazi kipande hicho hicho hurudisha 0.25 na 0.15. Kipimo chake sasa ni 0.10 kugawanya kwa 0.40, yaani 0.25. Ardhi haikubadilishwa na mtu yeyote. Kilichobadilika ni mwezi.

Aidha kuna jambo la pili. Shamba la viazi mviringo lililostawi, kama yalivyo mengi katika nyanda hizo, laweza kutoa kipimo kile kile cha 0.78. Setilaiti huweza kusema kwamba mahali fulani ni pa kijani. Haisemi kwa kipimo hicho peke yake kama ukijani huo ni wa viazi au ni wa maua ya porini. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha picha za miezi mbalimbali, kisha huteremka chini.

Kupima uwandani

Kazi ya uwandani huanza kwa kuigawa nchi katika matabaka kwa kutumia picha. Kila sehemu inayoonekana kuwa ya namna moja huwa tabaka lake, kisha ndani ya kila tabaka huchaguliwa mahali pa kupima kwa bahati nasibu. Mpimaji asiyefuata utaratibu huu hujikuta akipima kando ya barabara tu, au mahali penye maua ya kupendeza, na matokeo yake huwa ni habari za barabara.

Mahali panapopimwa huitwa kiwanja cha sampuli. Ukubwa wake hutegemea mimea yenyewe. Katika msitu hutumika viwanja vya mamia ya meta za mraba, na miti hupimwa kipenyo katika usawa wa kifua, yaani meta 1.3 kutoka ardhini. Katika nyasi hutumika fremu ya mraba yenye upande wa meta 1. Ili kujua kama fremu moja yatosha, mpimaji huhesabu spishi katika meta 1 ya mraba, kisha 2, kisha 4, 8 na 16. Tuseme anapata spishi 9, 14, 18, 20 na 21. Ongezeko linazidi kupungua: kutoka meta 8 hadi 16 za mraba imepatikana spishi moja tu mpya. Hapo kiwanja kimekaribia ukubwa wa kutosha.

Ndani ya kiwanja kila spishi hupewa namba kulingana na sehemu ya ardhi inayoifunika. Utaratibu unaotumika sana ni ule wa Josias Braun-Blanquet, mtaalamu wa mimea wa Uswisi. Namba 5 ni kwa spishi inayofunika zaidi ya robo tatu ya kiwanja. 4 ni kati ya nusu na robo tatu. 3 ni kati ya robo na nusu. 2 ni kati ya asilimia 5 na robo. 1 ni chini ya asilimia 5. Na alama ya kujumlisha ni kwa mimea michache tu. Njia hii ni ya makisio, lakini wapimaji wawili waliofunzwa vizuri hutofautiana kidogo tu.

Mpimaji huandika pia tarehe, mahali, mwinuko, mwelekeo wa mteremko, aina ya udongo, na dalili za moto au malisho. Mmea asioujua huchukua kielelezo chake, hukikausha kati ya karatasi na kukipeleka katika hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile ya taifa iliyoko Arusha au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Huko hulinganishwa na vielelezo vingine na kwa maelezo ya vitabu. Msaada mkubwa ni ule mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza zaidi ya spishi 12,000. Majina ya wenyeji nayo huandikwa. Yana faida kubwa, ila yahitaji uangalifu, kwa kuwa jina moja laweza kushika spishi kadhaa, na spishi moja yaweza kuwa na majina mengi.

"Haikuonekana" si "haipo"

Hapa pana fundisho ambalo mwanafunzi wa hisabati atalielewa upesi. Ichukuliwe kwamba mmea fulani hupatikana katika asilimia 5 ya meta za mraba za uwanda. Uwezekano wa fremu moja kuukosa ni 0.95. Uwezekano wa fremu 20 zote kuukosa ni 0.95 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 20, ambayo ni 0.36 hivi. Maana yake ni kwamba mpimaji aliyeweka fremu 20 kwa uaminifu kabisa ana nafasi zaidi ya moja katika tatu ya kurudi na daftari lisilo na mmea huo. Akiweka fremu 60, nafasi hiyo hushuka mpaka chini ya asilimia 5.

Hesabu hiyo ni kwa mmea unaoonekana. Lakini ipo mimea ambayo kwa nusu ya mwaka haionekani kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Christen Raunkiær, mtaalamu wa mimea kutoka Denmark, aliigawa mimea kwa kuuliza swali moja: wakati mbaya wa mwaka unapofika, mmea huweka wapi machipukizi yake ya msimu ujao? Mingine huyaweka juu matawini, kama miti. Mingine huyaweka karibu na ardhi. Mingine huyaweka katika uso wa ardhi, kama nyasi nyingi zinazodumu. Mingine huyazika ndani ya udongo katika viazi, vitunguu au mashina ya chini. Na mingine hufa kabisa na kuacha mbegu.

Kundi la nne lina umuhimu wa pekee Kitulo. Hifadhi hiyo inahesabiwa kuwa na spishi zipatazo 350 za mimea yenye mishipa, na kati ya hizo 45 hivi ni okidi zinazoota ardhini. Okidi za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria hutoa majani na maua wakati wa mvua. Mvua zikiisha sehemu ya juu hunyauka, na uhai wote hubaki katika kiazi kilichozikwa. Fremu ya mwezi wa Julai, hata zikiwekwa 1,000, haitaiona okidi hata moja, na daftari litasema: nyasi.

Sasa jibu la swali la mwanzo linaonekana. Mpimaji wa Julai na mpimaji wa Februari hawatarudi na ramani moja. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, lakini ramani ya Julai, ikisomwa na mtu asiyeuliza tarehe, itakuwa shahidi wa uongo.

Shahidi huyo ana madhara. Viazi vya okidi vina soko. Nchini Zambia husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania kwenda Zambia. Mtu akichuma ua, kiazi hubaki na kuchipua tena. Akichimba kiazi, ameondoa mmea wenyewe. Baada ya uchimbaji nyasi husimama kama kawaida, na setilaiti huendelea kupima ukijani ule ule. Pasipo orodha ya viwanja vilivyopimwa kabla, katika mwezi ufaao, hakuna awezaye kuonyesha kwamba kitu kimepotea.

Ufunguo wa ramani ni uamuzi

Sehemu ya ramani inayosomwa haraka zaidi, na inayoleta matokeo makubwa zaidi, ni ufunguo wake. Eneo moja laweza kuitwa "nyasi", "malisho", "ardhi isiyotumika" au "uoto wa asili wa nyasi za milimani". Mpaka ni ule ule na rangi yaweza kuwa ile ile, lakini kila jina hualika mgeni wake. "Malisho" hualika ng'ombe; na kweli, sehemu ya uwanda wa Kitulo imetumika kwa miaka mingi kwa ufugaji wa kondoo na ng'ombe wa maziwa. "Ardhi isiyotumika" hualika jembe. Neno "nyasi" likisimama peke yake laweza kufikiriwa kuwa mahali palipopoteza miti, na kwa hiyo pahitajipo kupandwa misindano, au mipaini kama inavyoitwa na wengi.

Wazo hilo la mwisho ni hatari kwa kuwa lina sura ya wema. Kupanda miti mahali palipokatwa msitu ni kurudisha. Kupanda miti juu ya nyasi za asili ni kuondoa, kwa maana mimea inayohitaji jua huzimwa na kivuli cha miti hiyo. Kwa hiyo mchora ramani hana budi kutenganisha nyasi za asili na nyasi zilizoota katika mashamba yaliyoachwa, ijapokuwa kutoka juu hufanana. Tofauti hiyo hupatikana kwa spishi, siyo kwa umbo. Shamba lililoachwa lina magugu na mimea michache ya kawaida. Nyasi za asili zina spishi nyingi, nyingi zikiwa na viazi na mashina ya chini ya ardhi, ambavyo jembe likishavivunja haviwezi kurudi kwa haraka.

Kuihakiki ramani

Ramani ikimalizika lazima ihakikiwe kwa kwenda mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu na kulinganisha. Mfano ufuatao ni wa darasani. Zimechaguliwa nukta 50. Ramani inasema nukta 20 ni nyasi za asili. Zikitembelewa, 14 ni kweli na 6 ni mashamba yaliyoachwa. Ramani inasema nukta 15 ni mashamba. 13 ni kweli na 2 ni nyasi za asili. Ramani inasema nukta 15 ni msitu, na zote ni kweli.

Nukta sahihi ni 14, 13 na 15, jumla 42 kati ya 50, yaani asilimia 84. Mtu anaweza kuridhika na alama hiyo. Lakini ziangaliwe nyasi za asili peke yake. Katika kila mahali 20 ambapo ramani inasema "nyasi za asili", 14 tu ni kweli: asilimia 70. Mpangaji anayeamini kwamba zipo hekta 1,000 za nyasi za asili huenda anazo 700. Kwa upande mwingine, nyasi za asili zilizokutwa katika nukta zote ni 16, na ramani ilizitambua 14: asilimia 87.5. Sehemu iliyobaki imeandikwa kuwa shamba, na hakuna atakayekwenda kuilinda.

Makosa haya mawili ni tofauti, na dawa zake ni tofauti. Ramani inayotoa alama moja tu ya jumla huficha yote mawili. Msomaji na adai alama ya kila aina ya uoto, hasa ya ile anayoikusudia.

Mambo matano ya kuuliza

Kwa kifupi, mwalimu au mwanafunzi apatapo ramani yoyote ya uoto anapaswa kuuliza yafuatayo kabla ya kuitumia:

1. Skeli yake ni ipi, na kitu kidogo kabisa kinachoweza kuonekana ndani yake kina ukubwa gani?
2. Picha zilipigwa na viwanja vilipimwa mwaka gani na mwezi gani?
3. Uoto umegawanywa kwa umbo au kwa spishi?
4. Viwanja vilikuwa vingapi, na vilichaguliwa kwa njia gani?
5. Imehakikiwa vipi, na kila aina ya uoto ilipata alama gani?

Ramani isiyojibu maswali haya inaweza kuwa na rangi nzuri. Haifai kukatia shauri la ardhi.

Kazi ya shule

Shule yoyote iliyo karibu na kipande cha uoto wa asili inaweza kufanya kazi hii bila gharama kubwa. Vifaa ni fremu ya miti yenye upande wa meta 1, kamba yenye alama kila baada ya meta 1, dira, daftari na magazeti ya kukaushia vielelezo. Kipatikane kibali cha mwenye eneo. Katika hifadhi mimea haichumwi bila ruhusa.

Wanafunzi na wapime eneo la meta 50 kwa 50. Wachague sehemu 20 za kuweka fremu kwa kuokota namba zilizoandikwa katika vipande vya karatasi: namba ya kwanza ni meta za kuelekea mashariki, ya pili ni meta za kuelekea kaskazini. Katika kila fremu waandike spishi zote wanazoziona, na zile wasizozijua wazipe namba. Kazi hiyo irudiwe mahali pale pale wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na madaftari yote yatunzwe katika maktaba ya shule. Wanafunzi watakaokuja miaka 20 baadaye watakuwa na kitu cha kulinganisha.

Maswali

1. Mmea umeonekana katika fremu 12 kati ya 20. Marudio yake ni asilimia ngapi?
2. Eneo la kilometa za mraba 60 litachukua sentimeta za mraba ngapi katika ramani ya 1:50,000?
3. Mmea hupatikana katika asilimia 10 ya meta za mraba. Tafuta uwezekano wa fremu 20 zote kuukosa.
4. Linganisha daftari la mvua na la kiangazi. Ni spishi zipi zilizotoweka, na katika makundi ya Raunkiær zingewekwa katika lipi?
5. Kijiji kinataka kupanda miti katika eneo ambalo ramani inaliita "nyasi". Taja mambo matatu ambayo ungeyapima kwanza, na mwezi ambao ungeyapima. Eleza sababu.